Kaskazi ya Texas: namna ya kujipanga fronti baridi ya machipuko inapoifikia Galveston

Mimi ni mtoto wa Pangani. Baba alikuwa mvuvi wa ngalawa, na kabla sijajua kusoma kitabu nilishafundishwa kusoma upepo. Kaskazi ina miezi yake, kusi ina miezi yake, na katikati kuna tanga mbili, wakati upepo haujaamua na nahodha anakaa macho. Pepo zetu zina adabu. Zinabisha hodi wiki nzima kabla ya kuingia.

Sasa nina miaka kumi na moja Houston, na Jumamosi nikipata nafasi naivuta boti yangu ya faiba ya futi 17 mpaka Galveston, mji wa kisiwani kwenye Ghuba ya Meksiko. Huku upepo wa kaskazini haubishi hodi. Mwezi wa tatu au wa nne uko ufukweni na fulana, joto nyuzi 27, upepo wa kusini-mashariki umejaa unyevu mpaka miwani inaota ukungu. Mara upepo unageuka ghafla, unapiga kutoka bara kwa kilomita 60 kwa saa, na jua likizama ni nyuzi 12. Simu yako, ambayo huku inasema Fahrenheit, asubuhi iliandika 80 na jioni inaandika 54. Wavuvi wa hapa wanauita norther. Watu wa hali ya hewa wanasema fronti baridi. Nyumbani kwangu tunauita kaskazi ya Texas, ingawa kaskazi ya Tanga haijawahi kumtetemesha mtu.

Naandika kwa ajili ya ndugu zetu wanaohamia Houston, hasa waliokulia kando ya maji: Mombasa, Unguja, Kigoma, Bukavu, Bujumbura. Hao ndio ninaowahofia zaidi, kwa sababu wanajiamini majini. Mimi pia nilijiamini, na nitaeleza yaliyonipata.

Kwanza ujue kinachokuja

Kati ya Kanada na Ghuba ya Meksiko hakuna mlima unaokingama. Ni tambarare mwanzo mpaka mwisho. Hewa baridi ikijikusanya kule juu inashuka kama maji yaliyomwagwa sakafuni. Hewa baridi ni nzito, kwa hiyo haipandi juu ya hewa ya joto. Inapita chini yake kama kabari na kuinyanyua. Ile hewa ya joto iliyonyanyuliwa imebeba mvuke wote wa Ghuba, na inapopanda kwa kasi unapata radi, mvua ya mawe, na mara nyingine kimbunga kile chembamba cha mkia, tornado. Fronti yenyewe ni ule mstari wa chini, pale hewa mbili zinapokutana.

Wakati wa baridi kali fronti huja mfululizo na watu wamejiandaa, makoti yako mlangoni. Ukifika mwezi wa tano nyingi zinakufa njiani bila kuigusa pwani. Machi na Aprili ndio wakati wa hatari, kwa sababu bara bado lina baridi ya kutosha kuusukuma upepo, na pwani tayari ina joto na unyevu wa kutosha kulisha dhoruba. Tena ndio wakati shule zimefunga wiki ya mapumziko na familia zimejaa ufukweni. Kwangu mimi hiyo ndiyo tanga mbili ya Texas.

Siku mbili kabla

Ingia weather.gov, tovuti ya Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani, uandike Galveston, TX. Usitosheke na picha ya jua au wingu iliyo kwenye simu. Picha hiyo itakuonyesha jua zuri siku ya upepo utakaokuua. Shuka chini ufungue grafu ya saa kwa saa, uangalie mistari mitatu.

Mstari wa kwanza ni mwelekeo wa upepo. Ukiona upepo unatoka kusini-mashariki, unahamia kusini, halafu ndani ya muda wa saa moja au mbili unaruka hadi kaskazini-magharibi, hapo ndipo fronti inapopita. Wa pili ni ule wanaouita dewpoint, yaani joto ambalo hewa ikipoa kufikia hapo umande unaanza kutokea. Ukiwa juu ya 65 kwa Fahrenheit, hewa imelowa na dhoruba ina chakula. Baada ya fronti unaporomoka hadi 40 au chini zaidi, na hapo midomo inaanza kupasuka. Wa tatu ni kasi ya upepo pamoja na mipigo yake. Upepo wa wastani unaweza kusema kilomita 35 na mipigo ikasema 65. Amini mipigo. Boti inapinduliwa na mpigo mmoja tu.

Kisha soma utabiri wa majini, ambao ni ukurasa tofauti. Humo utaona maneno haya kwa Kiingereza, na inafaa uyajue kwa uhakika. "Small Craft Advisory" ni tahadhari kwa vyombo vidogo: upepo wa noti 20 hadi 33. Noti 20 ni kilomita 37 kwa saa, karibu sawa na zile kilomita 40 ambazo tumezoea kuzisikia TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, wakitahadharisha nyumbani. "Gale Warning" ni onyo la upepo mkali wa noti 34 hadi 47, yaani kuanzia kilomita 63 kwa saa. Likitoka onyo hilo, boti ya futi 17 haina kazi majini, na huo mjadala nyumbani kwangu umefungwa. Kwa radi na tornado utaona "Watch" na "Warning". Watch maana yake viungo vyote vipo, kaa chonjo. Warning maana yake jambo limeonekana au linakuja sasa hivi, acha unachofanya. Watu wetu wengi wanayachanganya haya mawili, na kosa hilo ni la gharama.

Nunua pia redio ndogo ya hali ya hewa, ile inayoshika masafa ya megahezi 162.400 hadi 162.550. Haihitaji intaneti, na ukiwa San Luis Pass, mlango wa bahari kwenye mwisho wa magharibi wa kisiwa, ambako simu inasuasua utaishukuru.

Kuihesabu saa

Hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote. Fronti inasafiri, na ukijua ilipita wapi na saa ngapi, unaweza kuihesabu kama unavyohesabu basi lililotoka Moshi. Kwa kawaida inakuja kutoka kaskazini-magharibi, kwa hiyo Dallas wanaipata kabla yetu, kisha College Station, kisha Houston, ndipo Galveston.

Asubuhi ya siku yenyewe angalia hali ya sasa Dallas. Tuseme upepo wao uligeuka saa 12 asubuhi. Subiri, angalia College Station. Tuseme huko umegeuka saa 6 mchana. Kati ya miji hiyo ni kama kilomita 240 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo fronti imekwenda kilomita 40 kwa saa. Kutoka College Station mpaka Galveston ni kama kilomita 210. Gawa kwa 40: saa tano na kidogo. Fronti itakuwa juu yako mnamo saa 11 jioni.

Sasa toa saa tatu. Saa 8 mchana boti iwe juu ya trela, imefungwa mikanda, na wewe umekaa kwenye gari. Saa tatu hizo si woga. Mara nyingi mstari wa dhoruba unaitangulia fronti, na pia fronti inaweza kuongeza mwendo baada ya kupita Houston. Aprili 25, 2015, kwenye Ghuba ya Mobile kule Alabama, pwani hii hii ya Ghuba ya Meksiko, mstari wa namna hiyo uliyakuta majahazi zaidi ya mia moja yakiwa kwenye mashindano ya kuelekea Kisiwa cha Dauphin. Watu sita walikufa. Walikuwa mabaharia, si wageni wa maji.

Ukiwa huna intaneti, ishara za kale zinafanya kazi. Upepo wa kusini-mashariki unazidi nguvu kupita kawaida, halafu unahamia kusini, halafu kusini-magharibi. Joto linapanda ghafla na hewa inakuwa nzito. Kisha upepo unakatika kabisa, unasikia sauti za watu wa mbali, na upande wa kaskazini kuna ukingo mweusi ulionyooka, chini yake weupe kama moshi. Huo ukimya ni dakika zako za mwisho. Ukiusikia ukiwa majini, umeshachelewa kwenda gatini kwako. Elekea nchi kavu yoyote iliyo karibu, kila mtu na jaketi lake la kujiokolea mwilini, si chini ya kiti.

Mchana wa kusubiri

Kabla ya fronti, hatari ya ufukweni ni tofauti na ile ya baadaye. Upepo wa kusini-mashariki umekuwa ukisukuma maji kuja pwani siku mbili tatu, mawimbi ni makubwa, na maji yale yanatafuta njia ya kurudi. Yanarudi kwa mikondo myembamba inayovuta mtu kwenda nje, hasa kando ya magati ya mawe yaliyojengwa kukata mawimbi mbele ya Ukuta wa Bahari. Angalia bendera za walinzi wa ufuko: nyekundu maana yake mawimbi au mikondo ni ya hatari kubwa, zambarau ni viumbe wenye sumu majini. Machipuko upepo huo huo huleta yale madude ya buluu yanayofanana na mfuko wa plastiki uliopulizwa, man-of-war. Hata likiwa limekauka mchangani, mtoto asiliguse.

Boti ikibaki gatini, ifunge kamba mbili upande wa kaskazini, lakini usizikaze. Nitaeleza sababu mbele kidogo. Ondoa turubai, maana upepo utaligeuza tanga. Nyumbani, ingiza ndani viti vya barazani na pipa la takataka. Chaji simu. Gari lisilale chini ya mwaloni wenye matawi makavu.

Na bustani, kwa sababu najua mmeshapanda. Mke wangu hupanda bamia, mchicha na matembele nyuma ya nyumba, na kila mwaka tunashawishika kupanda mapema kwa sababu Machi inaonekana kama Tanga. Bamia inataka udongo wa nyuzi 18 au zaidi. Fronti mbili mfululizo zinaupoza udongo na mche unaduaa, haufi lakini haukui. Kama imeshaota, mwagilia asubuhi kabla ya fronti, kwa sababu upepo utakaofuata ni mkavu na unanyonya majani kuliko baridi yenyewe. Funika kwa shuka kuukuu lililoegeshwa kwenye vijiti, pembeni uweke matofali. Plastiki ikigusa jani, jani linaharibika. Kama miche bado iko kwenye vikopo, iingize jikoni, usijadiliane nayo.

Dhoruba ikifika, ingia ndani ya nyumba au gari lenye paa la chuma. Kibanda cha ufukweni si nyumba. Ukisikia ngurumo, radi inaweza kukufikia hapo ulipo. Usitoke mpaka zipite dakika 30 bila ngurumo. Kukiwa na Warning ya tornado, nenda chumba cha katikati, ghorofa ya chini, mbali na dirisha. Sisi tunatumia bafu la watoto, na viatu tunavaa, kwa sababu vioo vikivunjika utatembea juu yake.

Mbingu safi

Hapa ndipo watu wetu wanapoumia, na ndiyo sababu hasa ya mimi kuandika.

Dhoruba imepita. Asubuhi unaamka, anga ni ya buluu kama imeoshwa, hakuna wingu hata moja. Hewa ni kavu, nyepesi, unaona mpaka upeo wa macho. Unafika ufukweni Galveston, upande wa bahari kuu, na maji ni laini kama mafuta. Jana kulikuwa na mawimbi ya kifua, leo ni vijiwimbi vya kifundoni. Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki akiona hivyo moyo wake unamwambia: shwari.

Si shwari. Upepo unavuma kutoka kaskazini, yaani kutoka nchi kavu kwenda baharini. Hapo ukingoni haujapata nafasi ya kuinua wimbi, kwa sababu nyumba na kisiwa vinaukinga. Mita mia tano mbele unaanza kukamata, kilomita tatu mbele ni mawimbi yenye vilele vyeupe, na yote yanakusukuma kwenda Yucatán, rasi ya Meksiko ng'ambo ya Ghuba. Mtoto juu ya boya la kupuliza, kijana kwenye kayaki, mtu mzima aliyelala kwenye godoro la maji: wanateleza kwenda nje polepole bila kuhisi kitu, na wakigeuka kurudi wanaukuta upepo usoni.

Baba alinifundisha kutoka na umande, ule upepo wa nchi kavu wa alfajiri, na kurudi na upepo wa bahari wa alasiri. Ngalawa inapelekwa bure na inarudishwa bure. Ndiyo maana mwili wangu ulizoea kuamini kuwa upepo unaokutoa asubuhi una mwenzake wa kukurudisha. Kaskazi ya Texas haina mwenzake. Inavuma siku nzima, usiku, na mara nyingine siku ya pili, bila kugeuka.

Upande wa ndani, kwenye Ghuba ya Galveston, mtego ni mwingine. Nyumbani maji yanatawaliwa na mwezi. Bamvua ikija, Tanga maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na kila mtoto anajua saa. Galveston mwezi una nguvu kidogo. Kujaa na kupwa kwa kawaida hakufiki futi mbili. Anayetawala ni upepo. Na Ghuba ya Galveston ni sahani: ukiacha mfereji wa meli uliochimbwa, kina chake cha wastani ni kama mita mbili tu. Kaskazi ikivuma siku nzima inayafukuza maji kutoka ghubani kwenda bahari kuu. Yanashuka futi moja, mbili, fronti ikiwa kali sana hata zaidi, na kitabu cha maji kujaa na kupwa hakitakuambia. Ndiyo sababu nilikwambia usikaze kamba za boti. Maji yakishuka, boti iliyokazwa inaning'inia, na ama kamba inakatika ama chuma cha kufungia kinang'oka na kipande cha boti.

Mwaka wangu wa pili hapa, mwezi wa Machi, nilitoka asubuhi kama hiyo na rafiki yangu wa Bukavu, mtu aliyekulia Ziwa Kivu. Tulikuwa na kahawa, mkate, na koti moja moja jepesi. Tuliingia Ghuba ya Magharibi, nyuma ya kisiwa, tukafuata kijito kimoja nilichokipita mara nyingi. Samaki hawakula. Saa 5 niliona vichuguu vya chaza vimetokeza juu ya maji pale ambapo wiki iliyotangulia nilipita na injini ikiwa chini. Nikamwambia rafiki yangu tungoje kidogo, maji yatarudi. Hilo ndilo lilikuwa kosa, lile neno "yatarudi". Nilikuwa nahesabu kwa mwezi. Baada ya saa moja boti ilikuwa imekalia matope, na maji ya karibu yalikuwa hatua mia mbili.

Tulishuka tukatembea. Matope yalitufika magotini, na chini yake magamba ya chaza makali kama wembe. Upepo ulikuwa mgongoni kisha ubavuni, suruali zimelowa, na ilipofika alasiri rafiki yangu hakuweza kufunga zipu ya koti lake kwa vidole. Alianza kusema polepole, kisha akasema hasikii baridi tena. Niliposikia hivyo niliogopa kweli. Tulipofika barabarani mama mmoja Mmeksiko alisimamisha gari lake, akatuingiza na kuwasha hita. Miguu yangu ina alama mpaka leo. Boti niliifuata siku ya pili jioni, ikiwa inaelea kama hakuna kilichotokea.

Kwa hiyo, baada ya fronti: kabla ya kushusha boti angalia kipimo halisi cha maji, si utabiri. NOAA, shirika la Marekani la bahari na hali ya hewa, wana kituo Pier 21 pale Galveston, na ukurasa wake unaonyesha mistari miwili, wa maji yaliyotabiriwa na wa maji yaliyopo. Mistari ikiachana na wa maji yaliyopo ukiwa chini, ghuba inamwagika. Usiingie kijito chochote. Na popote uendapo majini Machi, vaa kwa ajili ya maji, si kwa ajili ya jua. Nguo ya pamba ikilowa inakunyonya joto. Sufu au zile za nyuzi za plastiki hukaa afadhali. Weka nguo kavu kwenye mfuko usioingia maji hata kama unakwenda saa mbili tu. Mtu akianza kutetemeka sana mvue nguo zilizolowa, mkinge upepo, mfunike, mpe kitu cha moto akiwa anameza vizuri. Akiacha kutetemeka huku bado ana baridi na maneno yanamchanganyikia, piga 911, namba ya dharura. Majini ni redio ya VHF, chaneli ya 16.

Nyumbani na barabarani

Usiku wa kwanza baada ya fronti nyumba nyingi zinapoa kwa sababu watu walishazima hita na kuweka kiyoyozi. Usiingize jiko la mkaa ndani, wala jenereta, wala usiwashe oveni ya gesi na kuiacha wazi ili ipashe sebule. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu. Februari 2021, Texas ilipoganda na umeme kukatika, watu wa Houston walikufa kwa hewa hiyo, wakijaribu kuwapa watoto joto. Blanketi na chumba kimoja cha kulala wote vinatosha kwa nyuzi 8.

Barabarani, upepo wa ubavu unaonekana zaidi kwenye daraja refu la barabara kuu ya I-45 linaloingia kisiwani. Ukivuta trela punguza mwendo, na usikae sambamba na lori tupu. Feri inayovuka kutoka kisiwani kwenda rasi ya Bolivar ni ya bure na hutembea usiku na mchana, lakini upepo ukizidi au maji yakishuka mno husimama, na njia ya kuzunguka kwa gari ni ndefu sana. Hakikisha kabla ya kutoka nyumbani.

Mwenye pumu awe na dawa yake mfukoni. Upepo mkavu unabeba vumbi la maua ya mialoni na misonobari, na magari yote yanageuka rangi ya binzari. Funga madirisha siku mbili, hata kama hewa inakuvutia.

Kurudi majini, na ndege

Nangoja mambo mawili ndipo nashusha boti: upepo uwe umeshuka chini ya kilomita 25 kwa saa na umeanza kuzunguka kwenda mashariki, na ile mistari miwili ya Pier 21 iwe imekaribiana tena. Mara nyingi ni siku ya pili au ya tatu. Samaki nao wanakuwa wamehamia kwenye maji ya kina, kwa hiyo aliyetoka mapema hakupata chochote ila baridi.

Siku ambayo boti imelala, kama ni nusu ya pili ya Aprili, nakupa kazi nyingine. Ndege wadogo wanaotoka Amerika ya Kusini na ya Kati hupumzika Yucatán, wanaruka jioni, na kuvuka Ghuba nzima, karibu kilomita elfu moja, bila pa kutua. Wanategemea upepo ule ule wa kusini-mashariki uwasukume. Fronti ikifika pwani mchana, wao wakiwa bado juu ya maji, wanakutana na mvua na kaskazi usoni. Wanaomudu kufika wanaanguka kwenye miti ya kwanza wanayoiona. Miti hiyo iko High Island, kilima kidogo chenye mialoni mashariki ya Bolivar, ambako shirika la Houston Audubon linatunza misitu kwa ajili yao.

Nilimpeleka binti yangu mara moja, saa mbili baada ya mvua. Mti mmoja ulikuwa na ndege wekundu wenye mbawa nyeusi kama matunda, chini yao wa rangi ya chungwa, na wengine wamekaa kwenye majani karibu na viatu vyetu, wamechoka hata kuogopa. Binti yangu aliuliza kama tunaweza kuwapa maji. Nikamwonyesha tone linalodondoka kwenye kidimbwi walichotengenezewa, na foleni ya ndege inayosubiri.

Ukienda, tembea juu ya njia za mbao, usiwafukuze ili upate picha, maana kila mruko unawamalizia nguvu iliyobaki. Beba sweta, maji ya kunywa, na dawa ya mbu, kwa sababu ndani ya ule msitu upepo haufiki.